Kura ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Usimwonyeshe mtu, hata fundi mwenzako unayemwamini. Shemeji mweleze kwa mdomo tu. Likivuja neno moja, si kazi peke yake nitakayopoteza.

Baada ya hayo, hujambo kaka? Shemeji hajambo? Na mtoto, bado hapati usingizi mpaka akushike sikio? Sisi huku tu wazima wa mwili. Jicho la kulia la Mama ndilo limekwisha kabisa, na la kushoto linaona vivuli tu, lakini ulimi wake u mzima. Juzi jirani alimuuliza kama anaona nafuu, naye akamjibu kwamba anaona vizuri kiasi cha kujua sufuria letu bado halijarudi.

Ofisini hali si hali. Tangu itangazwe kwamba Ndiyo imeshinda kura ya maoni kwa kura za kuhesabika na mpaka utafungwa, foleni ya vibali inaanzia dirishani petu na kuishia barabarani. Mwenzangu wa dirisha la pili alishangilia kampeni yote mpaka sauti ikamkauka. Sasa mama mkwe wake amekwama ng'ambo, na tukimtania kwamba dua zake zimejibiwa, anamwita anayefuata kwenye foleni.

Jana asubuhi mkuu wetu, tunayemwita Kizibo kwa kuwa kwake halipiti jambo, alitukusanya chumbani mwake. Alisema tangazo la redio kwamba wananchi wanaorudi watapokewa hadi mwisho wa mwezi ni la kutuliza watu. Mihuri ya kuwapokea itakusanywa Ijumaa hii saa sita mchana. Baada ya hapo, yeyote aliyeishi ng'ambo zaidi ya miaka mitano atahesabiwa mgeni na ataomba kibali kama wageni wengine, na vibali havitatolewa. Mmoja wetu aliuliza mbona watu hawaambiwi. Kizibo akamjibu kwamba wakiambiwa watakuja wote, labda yeye ana nyumba ya kuwalaza. Akaongeza kwamba atakayefungua mdomo atagundua hata jela ina madirisha, ila hayana foleni. Watu walicheka. Nami nilicheka, kaka, huku nikikumbuka kwamba wewe una mwaka wa saba huko.

Kwenye simu ulimwambia Mama kwamba utakuja mwisho wa mwezi, ukishamaliza kutandaza nyaya za ile hospitali mpya. Kaka, ziache hizo nyaya. Njooni wote watatu kabla ya Ijumaa. Mkifika pamoja, shemeji na mtoto wataandikwa chini yako, na njooni dirisha la nne, langu. Ukija Jumamosi hutakuwa na kwenu.

Najua utauliza kwa nini natetemeka hivi, mimi niliyekuwa nikikuambia kila kitu kitakaa sawa. Sasa nisikilize, na ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa tayari uko ndani ya mpaka.

Siku ya kura nilimpeleka Mama kwenye kile chumba cha darasa walichokigeuza kituo. Msimamizi alimuuliza nani atamsaidia kuweka alama, kwa kuwa haoni. Mama aliniwekea mkono begani akasema ni huyu, ndiye macho yangu. Watu walitupisha. Nyuma ya kile kiboksi cha kupigia kura alininong'oneza niweke Hapana, kwani mlango ukifungwa mwanawe atapita wapi.

Niliweka Ndiyo.

Kwenye yangu niliweka Ndiyo, na kwenye yake pia. Nilikuwa nimesoma vipeperushi vyote vya watu wa Ndiyo, mimi msomi wa nyumba, na kila kimoja kiliandikwa kwamba mpaka ukifungwa vijana watarudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka kumsikia akikuita usingizini. Nilijiambia namletea mwanawe kwa nguvu, na kwamba siku utakapobisha hodi nitamweleza na tutacheka sote. Sikujua kwamba wanaofunga mlango hawaangalii nani bado yuko nje. Mama, asiyeweza hata kusoma kibao cha duka, alilijua hilo.

Matokeo yalipotangazwa nililia, naye akanivuta kichwa mapajani pake akanibembeleza nisilie, kwa kuwa sisi tulikataa, sisi mikono yetu ni safi. Tangu hapo kila anayeingia ndani anaambiwa hivyo hivyo, naye hunitaja kama shahidi wake. Mimi huitikia. Nimejaribu kumwambia, kaka, lakini kila mara naishia kumuuliza kama chai yake imepoa.

Msalimie sana shemeji, umbusu mtoto. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Dereva wa lori la saruji aliyekuletea barua hii hajui kilichomo, usimpe jibu. Usipige simu ya ofisini, zote hupitia mezani kwa Kizibo, wala ya Mama, maana jirani ndiye humpokelea. Mpigie yule fundi cherehani wa chini ya ngazi zetu, jioni kabla hajafunga, umuulize kama gauni la kijani limekwisha. Hana gauni la kijani. Ataelewa na ataniita. Kama mnakuja, sema utalifuata mwenyewe. Kama huji, au kama unataka kunitukana tu, uliza gauni vilevile. Nitashuka mbio, na utakalosema lolote nitampandishia Mama simu, nimwambie mbele yako nilichomfanyia.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Kifaranga