Salamu za saa kumi

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Uvira tuko wazima, na bibi yako anatembea tena bila fimbo. Unasema shefu, mkubwa wako wa kazi, analalamika kwamba husalimii watu kazini, na unauliza kama umwambie kwamba daktari amesema uko na usonji.

Mimi sikupimwa. Ila huko bandarini Kalundu kazi yangu ilikuwa kupanga magunia ndani ya mashua isilalie upande. Unajua desturi yetu: ukifika asubuhi, unampa kila mtu mkono. Nikishika mikono ishirini, mpango wote wa mzigo ulinitoka kichwani, basi nikawa napita kimya. Kapita, msimamizi wetu, akakasirika: "Weye unatuzarau. Kesho usirudi."

Nilirudi. Nikamwambia, "Minye sizarau muntu. Niache nipakie kwanza, nitawasalimia wote saa kumi, kazi ikiisha." Akacheka, akakubali.

Miaka mingi baadaye niliugua, nikalala nyumbani. Saa kumi wakaja wenzangu wote wa bandarini, wakanipa mkono mmoja mmoja.

Kumwambia shefu au kunyamaza, utaamua mwenyewe. Ukimwambia, mwambie na saa yako ya kusalimia.

Babu yako