Mlinzi Uliyekataa Kumtafsiria

Kaka yangu Owino,

Barua zangu mbili zimerudi bila kufunguliwa, na mwezi uliopita nilipokuja kukuona gerezani, askari alirudi akaniambia umekataa kutoka. Kwa hiyo hii naituma wazi, bila bahasha. Ukikataa kuisoma, huenda mwenzako wa seli atakusomea.

Leo nimepita Rodi Kopany, pale ulipokuwa na banda la video. Siku hizi ni duka la mbolea. Nimesimama nje kama mjinga, nikikumbuka alasiri za Jumapili: mabati yanachoma, watu wamebanana kwenye mabenchi, nawe umeshika maikrofoni unatafsiri sinema za wizi kwa Kiswahili na Dholuo. Ulizipenda zile za majambazi werevu wanaovunja benki ya matajiri. Sefu ikifunguka, ulipiga kelele, "Hizi ndizo pesa za barabara ya Lambwe! Mheshimiwa alizificha huku!" Banda zima lilisimama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na niseme ukweli, nilikuwa upande wa wezi.

Lakini walinzi wa benki hukuwatafsiria. Midomo yao ilicheza, wewe ukanyamaza. Siku moja nikakuuliza kwa nini.

"Nyamera, dada yangu, nani amelipa kiingilio akuje kusikiza soja?"

Tukacheka wote wawili.

Kisha watu wakaanza kutazama sinema kwenye simu, ukafunga banda, ukaenda kuchimba dhahabu Osiri. Huko mkampata mnunuzi ambaye mizani yake ilidanganya, na kila mtu alijua. Mlipokwenda kushtaki, mliambiwa mlete ushahidi. Shimo lilipoporomoka na kuua wenzenu watatu, hakuja hata mazikoni. Sikukulaumu kwa kukasirika.

Mlivunja duka lake mchana, siku ya soko. Dhahabu ukaigawia wajane wa wale watatu, hukujibakizia hata punje. Ingekuwa sinema, ingeishia hapo. Lakini mlangoni alikuwepo Mzee Chacha, mlinzi, nawe ulimpiga kwa mtaimbo, jicho lake moja likaharibika. Ukaja kujificha kwangu Lambwe. Siku tatu nilikupikia, nikawadanganya majirani kwamba nina mgeni mgonjwa.

Siku ya nne nilikwenda hospitali. Sijui nilitaka kuona nini. Nilimkuta mkewe akimlisha uji, na mzee, uso umefungwa bendeji, anamuuliza kama kuna mtu amekwenda kuomba kazi yake asipewe mwingine. Basi. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja polisi. Hakuna aliyenisukuma, Owino. Ni mimi.

Tangu hapo wajane hawanisalimu. Mmoja aliniambia sokoni, "Wewe uliuza mtu wetu. Sasa nani atatutetea?" Nikamwendea mke wa Mzee Chacha na kuku, nikidhani angalau yeye atanikaribisha. Alisimama mlangoni.

"Siku tatu ulimlisha, na mzee wangu analia na maumivu. Rudi na kuku yako."

Nikarudi naye, nimemkumbatia njia nzima. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi zimeniponyoka zote. Kanisani Jumamosi nakaa benchi zima peke yangu, na chumvi ikiniishia nala bila chumvi, maana sina jirani wa kumwomba.

Bado naamini nilifanya sawa. Bado naamini yule mnunuzi ni mwizi kukushinda wewe, na mpaka leo anapima dhahabu kwa mizani ile ile. Haya mawili yanagombana moyoni, na sina wa kumwambia, kwa sababu mtu niliyekuwa nikimwambia mambo yangu ulikuwa wewe. Upweke huu umenishinda, kaka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nitakuja tena. Nitaandikisha jina langu pale langoni, nitangoja. Hata kama ni kunitukana tu, toka.

Mimi, dadako mdogo.