Dozi ya Pili ya Mama Ndani ya Eda

Jumatano, Chumbageni. Mvua ya alfajiri imekata, uani kumebaki matope na mkaa uliolowa. Leo moyo wangu umetulia, nami naandika kabla sijauzoea huo utulivu.

Mama amechanjwa dozi ya pili ya korona.

Habari hii ningeiandika wiki iliyopita, lau si mimi mwenyewe. Dozi ya kwanza Mama alichomwa Baba akiwa hai, wote wawili siku moja. Wiki mbili baadaye presha ikamchukua Baba, Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi nyumbani, bila wanja, bila manukato, bila kukaa barazani. Na kadi yake ya chanjo inasema dozi ya pili ni baada ya wiki nne. Mama ana pumu. Mtaani tumeshazika majirani wawili walioanza na kikohozi tu.

Hapo ndipo nikajifanya mtaalamu. Kila jioni redioni walikuwa wakibishana: kuna nchi zinazosubirisha watu hadi wiki kumi na mbili ili dozi ya kwanza iwafikie wengi, na nyingine hazitaki hata kusikia. Kwenye kundi la familia la WhatsApp tukagawanyika kama washabiki wa mpira. Kaka yangu Mbwana, aliyeko Muheza, alishikilia kadi. Mimi nikashikilia wiki kumi na mbili, nikatuma kila sauti iliyonifikia. Hata sikuuliza kama chanjo wanayoizungumzia ndiyo aliyochomwa Mama. Kaka akachoka kubishana, nami nikajiona mshindi.

Acha niseme kweli.

Sikuwa na hoja yoyote. Niliogopa maneno ya watu. Niliwaza Mama anaonekana njiani na arobaini ya Baba haijafika, halafu Shangazi Mwanahamisi, dada yake Baba, anatangaza Usagara nzima kwamba tumemtoa mjane eda. Na hata hesabu yangu haikutoka: wiki kumi na mbili zingetimia eda ikiwa bado inaendelea! Nilikuwa nasogeza siku tu.

Jana asubuhi Mama aliniita chumbani kwake.

"Hivi mwanangu, hiyo sindano mnayobishania ni ya nani?"

Kumbe alishampigia simu zamani mwalimu wake wa madrasa. Aliambiwa haja ya matibabu inaruhusiwa, mradi atoke mchana na arudi kulala nyumbani kwake. Alikuwa ananingoja mimi nimalize mjadala.

"Kusemwa siogopi," akasema. "Naogopa kukuacheni mapema."

Nililia kidogo, sitaki kuficha.

Leo tukachukua bajaji hadi zahanati. Muuguzi akamwamkia shikamoo, akampa pole ya msiba, akaisoma kadi. Akasema siku chache za kuchelewa hazijaharibu kitu wala haanzi upya, ila haikufaa kungoja zaidi. Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Tuliporudi tukamkuta Shangazi Mwanahamisi sebuleni, amekaa na mkoba wake mapajani. Nikaanza kujieleza kabla sijavua hata viatu: mwalimu karuhusu, tumetoka mchana, Mama hakujipaka chochote. Shangazi alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Nimekuja kumchukua mimi mwenyewe nimpeleke akachanjwe," akasema. "Mbona mmechelewa hivi?"

Mama alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike Baba, na Shangazi naye akacheka, kisha wakashikana mikono wakalia pamoja. Nikaenda jikoni kuwatilia chai.

Sasa Mama amelala. Mkono unamuuma na ana joto kidogo, muuguzi alishatuambia itakuwa hivyo. Nimekaa mlangoni pake nasikiliza anavyopumua, taratibu, bila kukwama.

Hivi nilikuwa nangoja nani aniruhusu kumtunza mama yangu?