Yozefu Hakucheza na Mahoko

Mama Saidi, rafiki yangu,

Najua huko uliko umetulia, lakini acha nikuletee kelele za watoto wa hapa. Tangu tukuzike, uwanja wa nyuma ya soko ulikosa mtu wa kuufokea. Mwanzoni watoto walifurahi, nisikudanganye. Kisha mmoja akakanyaga jiwe kali la volkano, akachanika unyayo. Kesho yake nikajikuta nimesimama pale na kapu la samaki kichwani, nawaamuru waokote mawe kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Yewe! Sauti yangu haifiki hata nusu ya yako.

Basi sikia. Siku chache kabla ya mechi na watoto wa kule Mahoko, Yozefu wangu aliteguka kifundo cha mguu. Unamjua, bila yeye hatufungi. Asubuhi ya mechi akaniambia, "Mama, imepona kabisa." Anatembea, anacheka. Mtaa mzima ukaja mlangoni kumwombea ruhusa ya kucheza. Hata mume wako, fundi mpole yule, alisimama na futi yake ya kupimia shingoni: "Mwachie kidogo tu, Mama Yozefu." Na mi nilitaka, Mungu ananiona. Nilitaka kuwaona Mahoko wakirudi kwao wamenuna!

Lakini nikakukumbuka ulivyokuwa ukiketi kwenye nyasi, umemshika mtoto bega: "Simamia ile mguu mubaya, uruke nayo. Ile muzuri siiulizi." Hukumwachia yeyote, tangu Saidi wako alipoficha maumivu akacheza, akabaki anachechemea hadi leo. Ulikuwa ukisema, "Mi niliamini mudomo yake, sikuangalia mguu."

Nikamwambia Yozefu aruke. Akaruka mara moja, akang'ata mdomo, machozi yakamlengalenga. Nikamketisha.

Tukafungwa, rafiki yangu. Tukafungwa vibaya. Yozefu hakugusa chakula, na majirani walinisalimia shingo upande. Saidi peke yake ndiye aliyekuja kukaa naye, akamsimulia habari za mguu wake taratibu, na mi nikajifanya napara samaki huku nalia. Nilitamani sana uwepo siku ile. Ungenicheka kwanza, kisha ungenipikia chai ya tangawizi.

Sasa nikupe furaha yangu. Jana watoto walikuwa wanagawana timu, na mi sikuwa nimesema neno. Yozefu akatoka mwenyewe pembeni, akasimamia mguu mbaya, akaruka, akaruka tena, kisha akanitazama.

"Bado, mama. Iko inauma kidogo."

Akaenda kukaa, akaanza kuwapigia wenzake kelele za kuwatia moyo. Mama Saidi, mtoto wa miaka tisa, mpira uko mbele yake, na anasema kweli! Nilipiga vigelegele mpaka watu wa sokoni wakauliza nani anaolewa.

Pumzika, rafiki yangu, Mungu akulaze pema. Saidi nitamwangalia kama wangu, usiwe na wasiwasi. Na uwanja ule nauchukua mimi: mtoto wa msikitini au wa kanisani, hakuna atakayecheza kwa kuficha maumivu nikiwa na macho ya kumwona. Mahoko tutawafunga tu, inshallah, lakini miguu yote ikiwa mizima.

Ni mimi, Mama Yozefu.