Njia Iliyofungwa kwa Majani

Ijumaa, 5 Novemba 1943. Kambini.

Pasi zetu za ruhusa zimetoka! Kesho mimi na Masolwa tunakwenda Kolombo, kurudi Jumapili jioni. Tangu tushushwe kwenye kisiwa hiki cha Seloni sijaona mji, nimeona usukani wa lori na matope tu.

Sajini Sylvester katuita pembeni. Mnakwenda wawili, mnarudi wawili. Atakayekosa garimoshi la Jumapili jioni ni mtoro. Mtoro! Mwezi uliopita tulipangwa mstari kumtazama mwenzetu akila viboko kwa kuchelewa. Mimi nilifumba macho. Nikasikia vilevile.

Masolwa anacheka tu. Kwao Bukene, kalamu hajaishika, haogopi kitu. Mimi mtoto wa misheni Tabora, nasoma, naandika, naogopa kila kitu.

Jumamosi, 6 Novemba. Mkahawani, Kolombo.

Watu! Sijapata kuona. Trami inapita katikati ya barabara, na kengele yake. Watoto wanatukimbia, halafu wanarudi kutugusa mikono. Mzee mmoja kanigusa nywele, mimi nikaruka, Masolwa kacheka mpaka kakaa chini.

Vichochoro vya sokoni vinafanana vyote. Nimesema tutapotea. Masolwa akasema nisimsumbue. Babu yake alikuwa kirongozi wa misafara, akitoa wapagazi Tabora mpaka Bagamoyo. Kirongozi akifika njia panda, ile isiyofaa anaifunga: anakata tawi, analilaza kuikatiza, anaweka jiwe juu ya kikonyo upepo usilipeperushe. Wa nyuma akiona jani, hapiti. Hata kama njia inapendeza vipi — hapiti.

Basi tumefanya hivyo asubuhi nzima, tunaokota makuti na majani ya mgomba yaliyotupwa, tunafunga vichochoro. Mimi nasahau jiwe. Yeye anarudi kuliweka. "Wee karani, kwa babu yangu ungebebeshwa mizigo miwili."

Ananiita karani na mimi dereva!

Pilipili ya hapa si pilipili, ni moto. Tumbo linanguruma.

Jumamosi jioni. Hosteli ya askari.

Masolwa hajarudi.

Niandike lilivyokuwa, labda nitatulia. Alasiri alikuwa kwenye duka la vitambaa, anamtafutia mama yake shuka. Tumbo likanibana. Nikamwambia natangulia hosteli, nitafunga njia zisizofaa, wewe fuata ile iliyo wazi. Akasema haya, nenda, usijiaibishe barabarani. Nikakimbia. Kila kichochoro cha pembeni nilikilazia jani. Kila kimoja, naapa! Ile ya kuja huku nikaiacha wazi.

Mvua ikashuka. Ikakatika. Giza likaingia. Kila buti likipiga ngazi naruka kitandani. Si yeye.

Wenzetu wa hapa wanasema labda kapata mwanamke. Masolwa? Ambaye shuka moja la mama linamchukua alasiri nzima? Hapana. Kuna jambo.

Ee Mungu wangu. Hajui neno la Kiingereza. Na pasi yake ninayo mimi, mfukoni mwangu — alinipa niitunze kwa vile mimi ndiye msomi. Wale polisi wa jeshi wenye kofia nyekundu wakimkamata bila karatasi, watamfanya mtoro hata kabla ya garimoshi.

Jumapili, 7 Novemba. Asubuhi.

Sikwenda misa. Nimerudi sokoni tangu kulipokucha. Majani yangu yote wafagiaji wameyazoa. Nikasimama pale kama mjinga.

Muuza vitambaa anamkumbuka. Alinunua, akalipa, akaondoka njia hii hii niliyopita mimi. Sasa aliishia wapi? Nikaifuata polepole. Nikafika kwenye kona ya kuja hosteli, ile niliyoiacha wazi.

Mama yangu weee!

Makuti! Makuti mabichi yaliyochanwa, yamefungwa kwenye kamba, toka ukuta huu mpaka ukuta ule. Yanakatiza njia. Na vitambaa vyeupe. Leo alfajiri nimepita chini yake, nikawaza ni mapambo ya sikukuu, basi. Mwenye duka la kona ni Mwislamu, nikamsalimu, akaitikia vizuri. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha misheni tukaelewana. Kuna msiba nyumba ile. Majirani zake Wabudha ndivyo wanavyofanya, wanatundika makuti njiani. Yametundikwa jana, mvua ilipokatika.

Nilipita kabla. Masolwa alipita baada.

Ameyaona makuti akajua ni mimi, Anselm, nimefunga njia. Akageuka. Angeuliza nani? Na mimi ndiye niliyemwambia!

Nimekaa kwenye ngazi ya duka. Mwenye duka kanipa chai.

Jumapili, mchana umekwenda. Karibu na bandari.

Naandika chini ya paa la ghala. Mvua tena.

Nimefikiri kama yeye. Masolwa anapita palipo wazi tu. Basi nikaanzia kwenye makuti nikawa nafuata njia zisizo na jani lolote. Zimenileta huku chini, kwenye maghala, watu wananitazama kwa macho mabaya. Gari la kofia nyekundu limepita mara mbili. Nimejificha nyuma ya magunia — mimi, mwenye pasi!

Kule kulia ni njia ya stesheni. Garimoshi lipo, nimelisikia likipiga honi. Nikikimbia sasa hivi nalipata. Nitamwambia nini Sajini? Wawili, nikarudi mmoja, na pasi mbili mkononi. Lakini viboko ninavijua. Mlio wavyo naujua. Sitaki. Wallahi sitaki.

Naandika tena. Nimekwenda mpaka kona ya stesheni. Nimekwenda kabisa, nisijidanganye. Nikatazama chini nisione aibu yangu.

Mdomoni mwa kichochoro cha kushoto kuna tawi. Limelazwa kuikatiza njia. Bichi, limekatwa leo. Na jiwe juu ya kikonyo.

Yu hai! Yuko mbele yangu, anafunga njia. Anadhani nakuja nyuma.

Stesheni hawezi kwenda, pasi yake ninayo mimi; basi mbele yangu imebaki njia moja wazi, inaingia katikati ya maghala. Kuna giza mle, na mtu anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua. Garimoshi limepiga honi tena.

Nimekata tawi. Nimelilaza kwenye njia ya stesheni, asije akarudi hapa akadhani nimekwenda kule. Safari hii jiwe sikusahau.

Mvua ikipungua kidogo tu naingia.

Haipungui. Naingia.