Kikopo Kinachosahau Watoto Wake

Jumapili, 4 Mei

Nimemaliza! Nyumba ya mama pale Mbagala sasa inajiendesha yenyewe — au tuseme karibu yenyewe. Taa ya korido inawaka mtu akipita. Geti linafunguka kwa rimoti, hakuna tena kuinuka na lile goti bovu. Na shingoni mama kavaa kitufe chekundu chenye kamba. Akianguka anabonyeza, simu yangu inalia, na ya kaka Farhan inalia. Vyote hivyo vinaongea bila waya na kontrola moja, nyeupe, ndogo, imekaa pembeni ya TV. Naipenda kama nimeizaa. Mama anaiita kikopo.

Kitufe ndicho hasa. Mwezi wa tatu mama alianguka koridoni akalala sakafuni tangu adhuhuri mpaka alasiri, peke yake. Tangu siku ile Farhan anataka kumhamishia kwake Kimbiji. Kule kuna upepo, anasema, kuna utulivu. Mama anamjibu kwamba utulivu ataupata kaburini, asiharakishwe.

Leo tumekubaliana, sote watatu. Jumapili ya tarehe 18 Farhan anakuja na gari. Mtambo ukifanya kazi, mama anabaki kwake. Usipofanya kazi, anafunga mizigo. Wiki mbili tu! Mimi Tunu nafunga kamera kwenye majumba ya ghorofa, nitashindwa na kikopo?

Jumanne, 6 Mei

Nimeshindwa na kikopo.

Saa nane na dakika saba mchana, niko dukani Kinondoni, simu ikasema kontrola haipatikani. Saa kumi ikarudi yenyewe — lakini imerudi haina kumbukumbu. Geti hailijui. Kitufe haikijui. Watoto wake wote kawasahau! Nikamwomba bosi ruhusa, nikaenda hadi Mbagala, nikaviunganisha upya kimoja kimoja.

Nikamuuliza mama kama umeme ulikatika. Haukukatika, akasema, na tamthilia yake ya Kituruki ameitazama mpaka mwisho. Basi ni femuwea. Nikamweleza: hiyo ni programu ya ndani, ndiyo akili ya kikopo, ikiwa na kasoro kinajizima na kujiwasha kinavyotaka. Akanisikiliza kwa makini kabisa.

"Kumbe kina wazimu," akasema. Halafu akanipakulia wali.

Alhamisi, 8 Mei

Tena! Saa nane na robo. Farhan naye kaona kwenye simu yake. Akanitumia picha ya kitanda alichomnunulia mama kule Kimbiji. Kitanda tu, bila neno hata moja. Nimemtumia picha ya ulimi wangu.

Nimepakua femuwea mpya, toleo la 3.2. Watengenezaji wameandika kwamba wameongeza uthabiti. Haya, tuuone.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeenda kuweka 3.2. Nikamkuta Mama Gladness akimkanda mama goti kwa mafuta ya nazi. Ni jirani wa nyumba ya pili, fundi cherehani, mtu wa Kagera. Jina lake Benedicta, ila mtaa mzima unamwita kwa mtoto wake. Kila mchana anakuja kukanda. Ndiye aliyemkuta mama sakafuni ule mwezi wa tatu. Nampenda yule mwanamke, ana mikono migumu na sauti ya chini.

Kaniletea gauni langu alilolipunguza kiuno. Limekaa! Ila linanukia moshi. Nikamwambia. Akasema siku hizi anatumia pasi ya mkaa, inanyoosha kuliko ya umeme. Sijawahi kusikia fundi akisema hivyo, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye kikopo.

Nikauliza, kwa wote wawili, kama kuna mtu anakigusa.

"Nani akiguse na kitambaa nimekifunika?" mama akasema. Kweli, kakifunika kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua. Hapo hapo Mama Gladness akalikanda goti kwa nguvu mpaka mama akapiga kelele.

Jumatatu, 12 Mei

Uthabiti wao wakautupe baharini. Leo tena saa nane, na 3.2 inasahau haraka zaidi kuliko ile ya mwanzo. Nimeandika kwenye grupu letu la mafundi. Edgar wa Temeke, anayejua kila kitu na anajua kwamba anajua, kanitumia ujumbe wa sauti: "Sista, hiyo tatu nukta mbili ni majanga. Rudi mbili nukta tisa, ile haisahaugi hovyo. Ila kusahau ni ishu moja, kuzima ni ishu nyingine. Anza na waya."

Anza na waya! Mimi! Miaka sita kazini, mtu ananiambia nikaangalie waya kama mwanafunzi wa jana. Nimemjibu kwamba waya uko sawa, asante sana.

Jumatano, 14 Mei

Saa nane na dakika kumi. Siandiki zaidi, nina hasira.

Naandika kidogo. Nimepitia kumbukumbu zote za kontrola. Haizimi asubuhi. Haizimi jioni. Ni kuanzia saa nane mpaka saa kumi, basi. Huu ni wazimu gani wenye ratiba?

Ijumaa, 16 Mei

Leo sikumpigia mama. Nilimwambia bosi Stanley tumbo linaniuma — Mungu anisamehe — nikaenda kimya kimya. Saa nane na dakika ishirini nimo sebuleni.

TV inapiga kelele, Waturuki wanalia. Ukutani pale kuna matundu mawili tu ya umeme. Moja lina TV. La pili lina chaja ya simu, simu yenyewe kioo kimepasuka, kava lina picha ya Gladness kavaa sare ya shule. Waya wa kikopo umelala sakafuni. Umekunjwa vizuri, kwa adabu.

Mama akanitazama. Nikamtazama.

"Usipige kelele," akasema. "Karudi kwake mara moja, anamalizia kanzu ya mtu."

Akanisimulia huku kapunguza sauti ya TV, na hilo si jambo dogo. Umeme wa Luku wa Mama Gladness umeisha tangu Aprili. Didas, mumewe, yuko machimboni na simu yake haipatikani. Cherehani ni ya miguu, pasi ni ya mkaa, kwa hiyo hakuna aliyegundua, hata wenzake wa jumuiya kanisani. Lakini wateja wanampigia. Simu ikizimika, na kazi imezimika. Siku moja baada ya kukanda akaomba chaji, akaomba na mama asimwambie mtu.

"Sasa ningemwambia achomoe TV?" mama akasema.

Nilicheka. Nilikuwa na hasira, na nilicheka! Siku kumi naihukumu femuwea, matoleo mawili, barua pepe tatu kwa watu wa China, kumbe nashindana na tamthilia. Na Edgar alisema waya. Hili Edgar hatalijua mpaka nazikwa.

Nikamuuliza kwa nini asiniambie, hata mimi. Akasema mimi ningemwambia Farhan, na Farhan angeitangazia Mbagala nzima. Ni kweli. Farhan ana moyo mzuri na mdomo wazi.

"Ungepelekwa Kimbiji, mama. Kwa sababu ya chaji!"

"Nilishamwambia nitamsitiri," akasema. "Ningeenda."

Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta maji. Nililia kidogo. Sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu alikuwa tayari kuondoka nyumba aliyoijenga na marehemu baba, na asingesema kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimenunua ekstensheni ya matundu manne; plagi yake nene imeziba yote mawili ya ukutani. Moja la TV, moja la kikopo, mawili ya wageni. Sikusema ya nani. Mama Gladness alipokuja hakuuliza, mimi sikueleza. Tukaongelea gauni.

Na nimerudisha femuwea ya 2.9, kama alivyosema yule asiyetajwa. Nimeijaribu: chomoa, chomeka, subiri. Mara tatu imewakumbuka watoto wake wote. Mara ya nne ikasahau kitufe — kitufe, jamani, kati ya vyote! Nikakiunganisha tena. Dawa ni moja: kisichomolewe. Kikibaki kwenye umeme hakisumbui kabisa.

Kesho. Nimekunywa chai vikombe vinne. Inshallah.

Jumapili, 18 Mei

Naandika jikoni kwa mama, kwenye daftari lake la manunuzi, nitabandika baadaye. Nina dakika nne. Ndizo kikopo kinazotumia kuamka.

Farhan kafika saa tatu. Geti limemfungukia kwa rimoti, akapiga honi ya furaha. Taa ya korido ikawaka alipopita, akarudi nyuma akapita tena, akacheka kama mtoto. Nikaanza kuota. Akasema bado kitufe. Mama akasema hakuna kitufe kabla ya chapati, tukae tule kwanza.

Tukiwa tunakula Mama Gladness akaingia, anatoka misa ya kwanza, kavaa kitenge chake cha njano. Shikamoo mama, habari zenu, karibu, ahsante. Akapita kule pembeni ya TV kidogo, halafu akaja akachukua chapati moja. Sikuwaza chochote. Matundu si yapo!

Farhan akanawa mikono, akaweka simu yake mezani. "Haya mama, bonyeza."

Mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya, mpaka nikasikia jokofu linavyonguruma.

Nikaenda pembeni ya TV, nikainama. TV. Simu ya kioo kilichopasuka. Simu ya pili, ya Gladness. Taa ya kuchaji, ile kubwa. Matundu manne yamejaa! Na waya wa kikopo umekunjwa, umewekwa pembeni, kwa adabu ile ile. Nikamtazama mama. Akaangalia dari. Nilijua papo hapo: jana nilipoondoka kamwambia mwenzake nafasi ipo, leta na taa.

Mama Gladness alikuwa kasimama na kipande cha chapati mkononi. Hakutafuna. Alikuwa amenitazama na macho yameanza kulowa. Farhan akauliza kutoka mezani, tatizo nini tena safari hii?

Ningesema waya. Neno moja, na mama anabaki, na Farhan anamaliza siku akimuuliza kila jirani kama anajua Mama Gladness anaishi gizani.

"Femuwea," nikasema.

Nikachomoa taa, nikachomeka kikopo, nikafunika kitambaa. Farhan kashusha pumzi. Hakugomba, na hilo ndilo baya. Kamwambia mama taratibu kwamba ahadi ni ahadi, akusanye nguo za wiki moja kwanza, nyingine zitafuata. Nikasema nisubirini dakika nne. Nikaja huku.

Imebaki moja. Kama kimesahau kitufe leo, basi. Mara tatu kati ya nne, ndiyo bahati yangu yote. Namsikia Farhan anauliza begi liko wapi.

Sasa ni Mama Gladness. Anakohoa. Sauti yake ya chini. "Kaka Farhan, subiri. Hicho kikopo hakina ubovu. Ni miye ndiye ni—"

Simu yangu inalia! Hapa mezani, kengele ya hatari, kali kuliko ninavyoikumbuka. Na ya Farhan kule sebuleni inalia. Farhan anapiga kelele, mama vipi, umeumia wapi? Mama Gladness anasema neno, halisikiki. Anasema tena kwa sauti, halisikiki.

Nimechungulia. Mama kakaa wima kwenye kiti chake, anatazama TV iliyozimwa. Kidole kiko kwenye kitufe. Hakitoi.