Boti ya Marehemu Kaka Imefika, Mama Hataki Kushuka

Mikindani, 9 Februari 2025

Kwa Bi Halima,

Shikamoo. Huwa nakusoma kwenye gazeti ambalo mke wangu hufungia vitumbua akishalimaliza, na leo nimekaa kukuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa, na nyumbani hakuna wa kumuuliza, kila mmoja ana jibu lake na anataka nilifuate.

Naitwa Selemani, mkulima wa korosho wa Mpapura. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Amiri, na Amiri alikwenda Vietnam kufanya kazi na wanunuzi wa korosho, akakaa huko, akafanikiwa mpaka akaagiza kiwandani boti kubwa ya kifahari ya kutembezea wageni huku kwetu, nyeupe, ya ghorofa mbili, yenye vyumba vya kulala. Siku aliyomaliza kuilipia alimpigia mama, akamwambia, "Mama, mikono nimenawa," wakacheka wote wawili mpaka mama akafuta machozi, na mimi sikuuliza. Kabla boti haijapakiwa melini moyo wake ukasimama. Walimzika huko huko watu wa msikiti wake, Mungu awalipe, na sisi tulitazama mazishi kwenye simu, ila pale walipoanza kumshusha kaburini picha iliganda, na mama akabaki ameishika simu ile anaipuliza kama mtu anayepuliza moto.

Mwezi wa kumi na mbili, meli iliyokuja Mtwara kuchukua korosho ikaileta boti juu ya sitaha, na wakala wa forodha, kijana anaitwa Goodluck, akatupigia tukaipokee. Tulikwenda gari zima, mama, mjomba wetu Zuberi, shangazi Tabu na wengine, kwa sababu kwetu mtu akirudi kutoka mbali hapokelewi na mmoja. Mimi nilitegemea kuona boti. Kumbe boti za namna ile husafirishwa zimefungwa plastiki nyeupe kutoka juu mpaka chini zisichubuke, basi ikaning'inia kwenye winchi, ndefu, nyeupe, imekazwa mikanda, inashuka polepole, na shangazi Tabu akapiga ukelele, "Jamani, si wamemleta na sanda yake!" Hapo wanawake wote wakaangua kilio, mjomba akavua viatu akaanza Yasini, na mimi niliyeshika karatasi za kusaini nikalia nazo mkononi.

Mlinzi wa bandari akamvuta Goodluck pembeni. "Humo ndani kuna maiti?"

"Hakuna maiti, bro, ni boti."

"Sasa wanalilia boti?"

"Mimi ni mtu wa forodha, nitajuaje!"

Kazi ikasimamishwa. Akaitwa afisa afya, wakaikata ile plastiki, akaingia kukagua chumba kwa chumba, na mama akaingia nyuma yake kabla hajazuiwa. Huko ndani kuna chumba kimoja chenye kitanda kifupi kuliko vingine, ukutani kuna chuma cha kushikia, na ngazi ya kuingilia imegawanywa vidato vidogo vidogo. Fundi wa Kivietnamu aliyekuja na boti akatuonyesha simu yake iliyokuwa inamtafsiria, imeandikwa, "Mwenyewe alisema hiki cha mama. Magoti." Mama akakaa kwenye kile kitanda, akaupapasa mto, akasema sishuki.

Kweli hakushuka. Boti iliposhushwa majini, Nahodha Twahiru, ambaye Amiri alikwishamwajiri, aliileta hapa Mikindani mama akiwa ndani, na mpaka leo yumo, mke wangu analala naye na sisi tunapeleka chakula kwa mtumbwi. Mjomba Zuberi anasema kwa mila yetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na neno lake ni kuuza, tena kuna mwenye hoteli ameshakuja kuitazama na anasubiri niseme ndiyo. Juzi mjomba alimweleza mama hayo, mama akamjibu, "Zuberi, wewe uliuza hata mlango wa nyumba ya baba, leo nikusikilize wewe?" Twahiru naye ananisukuma, "Sele, boti si kabati, ikikaa tu itaota uchafu tumboni na injini zitakufa, amueni." Amiri aliachana na mkewe zamani, ana binti mmoja, Aisha, anasoma bweni hapo Mtwara mjini.

Lakini kinachonitia hofu ni hiki. Kila alfajiri mama akishaswali anavaa kanga zake za kutokea, anakwenda kukaa kwenye kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, anamuuliza Twahiru, "Bado tu hatujaondoka?" Twahiru anamwambia, "Twende wapi, bi mkubwa?" Mama anamtazama kama anavyotazamwa mtoto mjinga, na kesho yake anauliza tena. Tunaona akili imeyumba kwa huzuni. Shangazi Tabu alimletea kombe, yale maji ya aya za Kurani, mama akalinywa lote, akasema asante wifi, kisha akageuka akamuuliza Twahiru tunaondoka saa ngapi.

Nisamehe naandika mambo madogo, ndiyo niliyobaki nayo. Mama ni mtu wa Kitaya, amezaliwa ukingoni mwa Ruvuma, akiwa msichana walichota maji ndani ya uzio wa miti wa kuzuia mamba, na tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia kwamba kila akichota alijiuliza maji yote yale yanakwenda kuishia wapi. Amiri alikuwa akikaa karibu na bati la kuchomea korosho, vidole vyeusi tii, anasema, "Nikikua nitakupeleka ukaone yanakoishia," na mama anacheka, "Kanawe mikono kwanza." Sauti ile naisikia hata nikiwa shambani.

Sasa Bi Halima, mimi sijui hata kilichokuja ni nini, sijui ni mali, sijui ni msiba, sijui ni mgeni. Nikubali iuzwe, mama atolewe kwa nguvu? Au nimwache humo mpaka boti iozee naye na watu wanicheke? Nisaidie, na unikumbuke katika dua zako.

Selemani


Bi Halima anajibu:

Marahaba, Selemani. Pole sana, wewe na mama. Kufiwa na ndugu wa pekee ni kazi nzito, na kumzika kupitia simu iliyoganda ni nzito zaidi, ndiyo maana sishangai kwamba mliililia plastiki. Hilo lisikuaibishe. Mlikuwa na kilio ambacho hakikupata mahali pa kushukia, kikashukia bandarini.

Ila umenikasirisha kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama, nataka kukuita kwa sauti usikie huko huko Mikindani. Mama yako hajarukwa na akili! Kati yenu wote ndiye pekee anayejua boti ile ilikuja kufanya nini. Bibi wa watu anavaa kila alfajiri, anashika mkoba, anauliza safari, nanyi mnamnywesha kombe. Soma mwenyewe ulichoniandikia. Mwanawe alimwahidi kumpeleka akaone Ruvuma inakoishia. Mama akamwambia anawe mikono kwanza. Miaka ikapita, mtoto akapiga simu, akasema mikono nimenawa. Yote mawili umeyaandika kwa mkono wako, Selemani, hukuyakutanisha tu. Chombo kimefika, chumba cha magoti yake kimo, nahodha yumo humo humo, na ninyi mmetia nanga mnajadiliana na mwenye hoteli.

Kwa hiyo mpelekeni. Mwambie Twahiru achague siku bahari imetulia, na asiingie mdomoni mwa mto, yeye anajua mafungu ya mchanga yalivyo pale, asimame nje ambako maji ya kahawia yanakutana na ya bluu. Msimu huu wa mvua panaonekana wazi hata kwa macho ya mzee. Toeni taarifa kwa wahusika kabla ya kuondoka, kule ni mpakani na Msumbiji. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, na mjomba Zuberi avae mapema, maana watu wenye neno ndio hukataa jaketi. Mkamwombee ruhusa Aisha shuleni. Umemtaja mara moja tu, tena pembeni, baada ya injini, na yule ndiye aliyefiwa na baba.

Mkirudi, hakuna kuuza, hakuna kukodisha, hakuna kusaini chochote. Nendeni kwa kadhi na mahakamani, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Aisha ana fungu lake, mama ana fungu lake, nawe utaambiwa lako. Mjomba asikilizwe kwa heshima, apewe kiti na chai, lakini neno la mjomba haliuzi mali ya yatima. Mwenye hoteli mwambie asubiri, na akiona muda ni mrefu, bahari ina boti nyingine.

Wala siwezi kukuahidi kwamba mama atashuka mkirudi. Huenda atashuka mwenyewe hata kabla kamba haijafungwa, huenda atataka kukaa siku kadhaa zaidi. Muda wake ni wake. Mkiwa kule msimuulize kitu, msimhimize, msimpige picha. Zimeni injini, mumwache atazame mpaka atosheke. Akilia, alie. Na wewe kaa karibu yake, pale ambapo Amiri angekaa.

Umeniomba dua, nimeshaomba. Sasa na mimi nina ombi. Maji yakishabadilika rangi, mkiwa mnamwombea Amiri, mwambie mama anitaje na mimi. Aseme Halima tu, inatosha.